Makeke, Ukurasa wa 47

Muhula mzima nimewatengenezea wanafunzi wangu masomo ya uandishi wa kitaaluma ya kusoma kwenye simu, vipande vya dakika tano tano. Mkuu wa idara ndiye aliyetaka. "Mwalimu, hawa hawaachi simu hata chooni. Wafuate hukohuko." Akaongeza kwamba insha za mwisho ndizo zitakazoamua kama mkataba wangu utaongezwa. Basi nikajifunga kibwebwe.

Somo la tatu lilihusu kutaja marejeo. Nilihitaji mfano, nikaubuni: mwandishi, Makeke, kitabu, Misingi ya Maarifa, ukurasa wa 47. Makeke ni jina la utani la shangazi yangu, muuza ndoo, ambaye hajawahi kuandika hata barua. Chini niliweka kwa herufi nzito: huu ni mfano tu.

Leo nimekaa ofisini na insha sitini na mbili. Ya kwanza ni ya mmomonyoko wa udongo. Makeke, ukurasa wa 47. Nikacheka. Ya pili ni ya chanjo. Makeke, ukurasa wa 47. Ya tatu ni ya kodi, shangazi yuleyule! Kufikia ya ishirini hasira zilikuwa zimenipanda. Koma ziko mahali pake, mabano yamefungwa, na hakuna aliyefungua kitabu.

Nikamwita kiongozi wa darasa, binti mwenye bidii wanayemwita Chaji kwa kuwa haachani na waya wa simu.

"Kitabu hiki umekisoma?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa mbona umekitaja?"

"Nilifanya kama somo la tatu." Akainamisha kichwa. "Kwani nimekosea nukta?"

Nikafungua masomo yangu kwenye simu, nikayapitia. Masomo kumi na mawili, na hakuna hata moja lililowaambia wakasome kwanza. Niliona ni jambo la wazi mno, halihitaji kuandikwa. Liliniuma kwelikweli.

Mara mkuu wa idara akaingia na mkataba wangu mkononi, kalamu tayari. Wiki iliyopita alikuwa amechukua insha tano akazikague.

"Hongera! Marejeo hayana doa. Nasaini sasa hivi. Ila niazime hicho kitabu cha Makeke, maktaba wanasema hawana."

Chaji akanitazama.

"Mkuu, Makeke ni shangazi yangu. Anauza ndoo. Kitabu hakipo, nilikibuni mimi."

Kalamu ikabaki hewani. Akavuta kiti, akaketi taratibu, mkataba mapajani.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "makala yangu nimeituma jana. Nimemtaja mara mbili."