Nyumba Iliyoteremshwa

Siku Crispus alipozungushwa mipaka ya shamba lake jipya huko Mbololo, alitembea kifua mbele kana kwamba ardhi ile iliumbwa asubuhi hiyohiyo ikakabidhiwa yeye. Mbele alikwenda Mzee Obadiah, aliyemuuzia, akigusa kwa fimbo kila jiwe na kila mmea wa mpaka. Nyuma walifuata majirani wa pande zote, maana bila macho ya majirani ununuzi wa shamba ulikuwa maneno matupu. Walipofika tena pale walipoanzia, mbuzi alichinjwa, wakala, wakamshika mkono mmoja mmoja.

"Karibu, jirani. Hapa bondeni ndipo pa kujenga," alisema Mzee Obadiah, akichimbua udongo mweusi kwa ncha ya fimbo. "Pana kivuli, kijito kiko karibu, na upepo hupita juu ya kichwa chako."

"Nyumba yangu itakaa kule," alisema Crispus.

Alinyoosha kidole kwenye mgongo wa kilima, mwamba mtupu ambao hata nyasi ziliota juu yake kwa kulazimishwa. Wazee walitazamana. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na yeye hakusema. Sababu aliijua mkewe peke yake.

Ng'ambo ya bonde, mkabala na mwamba ule, ndiko alikokaa Alexander, baba yake mdogo. Baba yake Crispus alikwenda vitani Burma na hakurudi. Alexander alilichukua shamba la marehemu ili, kwa maneno yake, alitunze mpaka kijana akue. Kijana alikua. Alipolidai aliambiwa asubiri, na alipokwisha kusubiri aliambiwa watoto wa Alexander ni wengi. Siku hiyo Crispus aliteremka Voi kwa miguu, na tumbo lake lilikuwa limejaa moto. Akapata kazi ya reli, akaoa, akaishi na Mkamburi katika chumba kimoja cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambamo ukikohoa jirani anakuambia pole. Kila walichojinyima, walijinyima kwa ajili ya siku hii.

"Jua la asubuhi likipiga mabati yangu," alimwambia Mkamburi usiku ule, "litamwingia machoni akinywa uji wake. Kila siku. Mpaka afe."

Mkamburi alikuwa na mimba ya miezi minne. Aliweka mkono tumboni. "Na sisi tutakaa humo tukifanya nini? Tukimtazama akinywa uji?"

"Tutakaa kwetu."

"Basi nijengee kwetu, Crispus. Usimjengee yeye."

Hakumsikiliza. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akishaamua, masikio yake yalifunga kazi.

Alimleta Wambua, fundi Mkamba aliyejenga nyumba nyingi pale Voi na kusema mengi zaidi. Wambua alipanda mwamba, akavua kofia kabla upepo haujamvua, akazunguka huku na huku.

"Bwana Crispus, hapa hata mbuzi hasimami akamaliza kutafuna. Nguzo zitaingia wapi? Chini ni jiwe."

"Wewe ni fundi wa nyumba au wa kuuliza maswali?"

"Wa nyumba. Lakini nyumba ikiruka, watu hawasemi Crispus alijenga. Wanasema Wambua."

Hata hivyo alijenga. Walichimba mashimo mpaka majembe yakatoa cheche, na bado nguzo zilisimama kwenye kina cha kiganja na nusu. Wakafunga fito, wakakandika udongo uliopandishwa na punda kutoka bondeni. Kila siku Nyanya Wakio, mke wa Mzee Obadiah, alikuwa kijitoni akichimba maduma, yale magimbi aliyoyapanda tangu alipoolewa, kwa maana mumewe aliuza shamba huku mkewe bado akivuna. Alikuwa akinyoosha mgongo, akiwatazama wakitoka jasho kule juu, kisha akiinama tena. Crispus hakuwahi kwenda kumsalimu. Alimwona kama sehemu ya shamba, kama yale maduma yenyewe.

Mabati yalipanda. Asubuhi ya kwanza yaliwaka kama kioo, na Crispus, aliyekuwa amelala palepale kwenye mbao, alitoka nje akasimama akitazama ng'ambo, akacheka peke yake. Wiki kadhaa alifurahi hivyo kila mara alipopata mapumziko ya kazini. Kisha upepo wa kusi ulianza kuchachamaa. Siku moja ulibandua mabati matatu ukayabwaga kwenye mahindi ya watu. Crispus aliyapigilia tena kwa misumari mara mbili, akayafunga kwa waya, akapandisha mawe juu ya paa.

"Sasa umeupa upepo silaha," alisema Wambua. "Mawe hayo yakishuka, yatashuka na mtu."

Jumamosi moja Mkamburi alipanda kuja kuona nyumba yake. Mimba ilikuwa ya miezi saba na zaidi, na kila hatua ya kile kilima aliilipia kwa pumzi. Vuli ilikuwa karibu. Huko mbali juu ya tambarare mawingu yalianza kukusanyika. Mpango ulikuwa wahame kabla ya mvua, mtoto azaliwe kwao. Alisimama mlangoni, akashika mwimo, akatabasamu licha ya yote.

"Ni kubwa," alisema.

Ndipo upepo ulipokuja. Haukuvuma; ulipiga. Paa lilipumua mara moja kama mtu anayeshtuka usingizini, misumari ikalia, na mabati yakaondoka yote kwa mkupuo. Jiwe moja lilishuka likapasua kizingiti. Nguzo ya kona ilichomoka kwenye kile kishimo chake cha aibu, ikaanguka pamoja na ukuta mzima, na vumbi lilipotulia Mkamburi alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta uliobaki, na nguzo imelala mbele ya miguu yake. Kati ya nguzo na tumbo palikuwa na nafasi ya kuweka kikapu.

Crispus alimwinua. Akamfuta vumbi mabegani.

"Sikuumia," alisema Mkamburi. Sauti yake ilikuwa shwari, na hilo lilimtisha zaidi. "Lakini nisikilize leo, kwa sababu sitasema tena. Mimi na mtoto huyu hatulali hapa. Nitajifungulia landhi. Wewe baki na nyumba yako, umtazame baba yako mdogo."

Nyanya Wakio alikuwa ameona yote kutoka kijitoni. Alifika juu akihema, kibuyu cha maji mkononi, akamnywesha Mkamburi kwanza, akampapasa tumbo, akaridhika. Kisha alimgeukia Crispus.

"Haya. Una neno na nani moyoni?"

"Nyanya, huu ni upepo."

"Upepo ni upepo, nami nimezaliwa nao. Nakuuliza ni nani aliyekupandisha hapa, mahali ambapo hata mtoto mdogo hajengi kibanda cha kuchezea."

Crispus alikuwa na aibu, na aibu yake ilipenda kuvaa nguo za hasira. "Labda neno unalo wewe. Mumeo aliniuzia bila kukuuliza. Sisi wote tunajua mtu akiweka kinyongo moyoni kitu hakisimami."

Bibi kizee alicheka mpaka akajishika kiuno. "Nilikasirika, ndiyo! Mzee aliuza maduma yangu kama yanaota yenyewe. Siku ileile nikatia funda la maji mdomoni, nikatasa mbele yake kama wazee wetu, nikayapuliza nje na hasira yote. Nikasema, huyu kijana akae salama. Kinyongo changu kiliisha kabla nyama ya mbuzi wako haijaiva. Ningebaki nacho, si kingenioza mimi? Wewe ulitasa lini?"

"Mimi nimebatizwa."

"Na mimi kanisani ninakaa benchi la mbele, wewe ukija kwa kuchelewa. Yesu alisema tusamehe. Mimi naongeza maji tu."

Mkamburi alicheka, kicheko cha kwanza siku hiyo, na Crispus akageuza uso. Alikuwa amekusanya misumari iliyotawanyika kwa muda mrefu ndipo alipomwona mtu akipanda kilima, polepole, amebeba bati kichwani.

Alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Alexander alikuwa amezeeka. Alilitua bati chini kwa uangalifu, akalifuta kwa kiganja. Lilikuwa limepinda likanyooshwa. Alama za jiwe lililotumika kulinyoosha zilionekana pande zote.

"Kwawuka mana," alisalimu. Aliitikiwa na Nyanya Wakio, akaendelea: "Hili limeanguka kwenye migomba yangu. Limekata mikungu miwili."

"Nitalipa," alisema Crispus.

"Sikuja kudai ndizi."

"Basi umekuja kucheka."

"Kicheko ningecheka nikiwa kwangu, nisiibebeshe shingo yangu bati." Mzee alikaa juu ya jiwe bila kukaribishwa, maana miguu ilikuwa imeshindwa. "Nilikuwa nikiliona paa lako kila asubuhi. Lilinichoma macho."

Crispus alimtazama. Miezi yote alikuwa ameyangoja maneno haya. "Ukafanya nini?"

"Nikahamisha kigoda changu. Sasa nanywea uji upande wa pili wa nyumba."

Crispus alihesabu moyoni punda waliopanda na udongo, majembe yaliyovunjika, nguzo iliyolala mbele ya miguu ya mkewe. Na ng'ambo ya pili, kigoda kimoja kimesogezwa. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kulia. Hakujua ni kipi.

"Na shamba la baba yangu?" aliuliza mwishowe.

"Nimelila." Alexander hakuinua macho. "Wanangu wamejenga juu yake. Siwezi kukurudishia, na sina neno zuri la kufunika. Kila nilipotaka kuja kukuambia hivyo, nilifika kijitoni nikarudi. Leo nimeona bati linaruka na mwanamke amesimama chini yake. Nikaogopa. Nikasema, mwana wa kaka yangu akifiwa hapa, mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua mkewe."

Upepo ulikuwa umetulia kabisa, kana kwamba umefanya kazi iliyouleta. Crispus hakumsamehe mzee yule papo hapo, kwa sababu moto uliowashwa siku nyingi hauzimiki kwa kutajwa. Lakini alimtazama Mkamburi, vumbi bado nyweleni, na kwa mara ya kwanza aliona waziwazi ni nani aliyekuwa akiishi ndani ya moto ule pamoja naye.

"Nyanya," alisema, "nipe hicho kibuyu."

Alikunywa funda, akalishikilia mdomoni. Lilikuwa maji ya kijito, baridi. Akageukia ukuta ulioanguka, akapuliza, matone yakaruka kwenye jua.

"Nina hasira na baba yangu mdogo Alexander," alisema. Akanywa tena, akapuliza tena. "Alichokichukua nakijua, sitasema sikijui. Lakini hasira hii itoke kwangu. Itoke kwa mke wangu. Mtoto azaliwe akute pametulia."

Nyanya Wakio alisema, "Na iwe hivyo." Alexander alitwaa kibuyu bila kuambiwa, naye akapuliza lake. Alilolisema alilisema chini kwa chini kwa Kidawida, machozi yakimtoka, na watu wakamwachia maneno yake.

Kesho yake, walipotoka kanisani, Nyanya Wakio alisimama nje ya mlango akawazuia watu kwa fimbo ya mumewe. "Kuna nyumba inahama," alitangaza. "Haina miguu." Jumatatu walikuja: wale majirani wa mipaka, wengine ambao Crispus hakujua hata majina yao, vijana wa Alexander wawili wakiwa kimya na wenye nguvu. Walishusha nguzo, fito, milango na mabati mpaka bondeni. Wambua alichimba shimo la kwanza katika udongo mweusi, akaingiza mkono mpaka begani, akapiga ukelele kama aliyeokota fedha.

"Bwana Crispus! Nguzo imefika nyumbani!"

Crispus aliomba ruhusa kazini, akafanya kazi hadi viganja vikapasuka. Alimwendea Nyanya Wakio kijitoni, akamwamkia, akamwambia maduma ni yake maadamu yuko hai. "Nilijua," alijibu, bila kuacha kuchimba. "Shika jembe basi." Akashika.

Siku waliyopigilia bati la mwisho, mawingu yalikuwa tayari juu ya kilima. Kule juu kwenye mwamba upepo ulisikika ukipita na shughuli zake. Huku bondeni majani ya ndizi yalitikisika kidogo tu. Mkamburi alifika na mkeka na sufuria, akaingia, akawasha moto wake. Watu walikuwa bado wanakusanya zana tone la kwanza lilipogonga paa, kisha la pili, kisha mvua yote kwa pamoja. Wote wakakimbilia ndani: Wambua na nyundo yake, Mzee Obadiah, wanawake wenye vikapu, Alexander kwenye kona akijikunyata kama mgeni. Nyumba ilijaa harufu ya udongo mbichi, moshi na jasho la watu waliokuwa wamemtolea siku zao bila kumdai kitu.

Crispus alisimama katikati yao. Alitazama juu. Hakuna tone lililopita. Alitaka kusema jambo, akasafisha koo, akasema:

"Asanteni."

Mvua juu ya mabati ilikuwa inanguruma hata mtu hakusikia pumzi yake mwenyewe. Nyuso zilimgeukia. Alexander aliweka mkono nyuma ya sikio, akainama mbele.

"Ati nini?"

Crispus alivuta pumzi, akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Nimesema asanteni!"

"Nini?" wakapiga kelele wote, wakicheka, kwa maana sasa walikuwa wamesikia. Mkamburi, aliyekuwa akichochea moto, aliinua kichwa akamkonyeza aseme tena. Na Crispus akasema tena.