Uta Uliopakwa Mafuta

Gachau hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalouma. Alitaka tu rafiki yake Boaz ashike fidla tena.

Zamani hao wawili walipiga muziki wa country katika harusi zote kuanzia Ruiru hadi Thika, Gachau kwa gita, Boaz kwa fidla iliyowaliza watu wazima wenye kofia pana za cowboy. Kisha Boaz akaingia kiwanda cha nguo, akasimama mbele ya mashine miaka kumi na mmoja, na walipompunguza kazi akarudi nyumbani Ruiru kukaa kimya. Kutwa anatazama ukuta. Mkewe, Benta, alimwambia Gachau, "Shemeji, mtafutie kitu cha kumwamsha. Anaisha tu hivi hivi nikimwangalia."

Basi Gachau akatunga wimbo. Studio hakuwa nayo. Alikuwa na laptop kuukuu na programu yenye wanamuziki wa bandia: unaandika nota, mmoja anakupigia banjo, mwingine besi, wa tatu fidla. Hawachelewi, hawaombi chai. Kwa huyo wa fidla alihangaika wiki mbili, akimrekebisha kidogo kidogo mpaka akaburuza sauti vile Boaz alivyoburuza ujanani. Alipomsikia, alilia mwenyewe. Akautuma wimbo kwa waandaaji wa sherehe moja ya country huko Witeithie, nao wakawapa nafasi Jumapili moja mchana, mwezi na zaidi mbele.

Boaz alipousikia alitabasamu, mara ya kwanza mwaka huo. "Hiyo ni mimi," akasema. "Hiyo ni mimi kabisa, bwana."

Akatoa fidla chini ya kitanda. Vidole vilikuwa vimekakamaa, havikumsikia. Mwezi mzima alifukuzana na yule wa laptop, na kila siku yule wa laptop alimwacha njiani. Gachau akataka kupunguza mwendo.

"Usimpunguze," Boaz akasema. "Yeye hana makosa. Mimi ndio nimeisha."

"Si tupige tu ile rahisi? Watu hawatajua difference."

"Mimi nitajua."

Jumapili hiyo, nyuma ya jukwaa, Boaz alitoa mfukoni kikopo cha mafuta ya kupikia. Akaupaka uta wa fidla taratibu, kutoka ncha hadi ncha, ili uteleze juu ya nyuzi bila kutoa mlio. Uta ukishapakwa mafuta umekufa, na Gachau alijua. Alifungua mdomo amzuie. Lakini Benta alikuwa ameshakaa mstari wa mbele na gauni lake la kanisani, shingo ameinyoosha, anamtafuta mumewe. Gachau akachukua gita na laptop. Wakapanda, akabonyeza kitufe cha laptop.

Fidla ikalia Witeithie nzima. Boaz, macho yamefungwa, aliusogeza mkono sawasawa na kila nota, asikosee hata moja. Watu wakarusha kofia juu. Gachau alipiga gita lake huku roho ikimuuma, maana hakuna aliyekuwa akimsikia rafiki yake, na rafiki yake alikuwa hapo hapo.

Wimbo ulipoisha Benta alipanda jukwaani mbio, akamkumbatia mumewe, machozi yanamtiririka.

"Baba Lynn! Kumbe bado unaweza! Umepiga kushinda zamani! Leo tukifika nyumbani lazima unipigie, mimi peke yangu."

Boaz alimtazama Gachau juu ya bega la mkewe. Gachau akainamia nyaya zake, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena.