Waya wa Sikio la Kushoto

Mjomba aliingia chumba cha kupimia masikio kwa mbwembwe zake zote, kofia ngumu ya kazini kwapani, akaketi kwenye kiti kinachotazama ukuta kabla hajakaribishwa.

"Haya, mpwa wangu, nipigie hiyo milio yako nirudi juu," alisema. "Watu wananingoja na vyuma vyao."

Juu ni kwenye kreni. Alikuwa dereva wa kreni katika yadi ya vyuma, na kibanda chake kilining'inia huko juu ambako hasikii la mtu ila filimbi ya anayemwongoza kutoka chini. Filimbi hiyo ndiyo humwambia shusha, ndiyo humwambia simama, kuna mtu. Kwa hiyo kila mwaka madereva wa kreni walipimwa masikio, na asiyefaulu aliteremshwa moja kwa moja na kupewa fagio. Aliyepima alikuwa binti wa dada yake, aliyetoka chuoni juzijuzi na bado anaona haya kumwambia mtu mzima ageukie ukuta. Mjomba ndiye aliyemlea. Ada ya chuo ilitoka kwenye kibanda kile kile.

Binti alimvisha hedifoni, akaanza na sikio la kulia. Mjomba aliinua kidole kwa kila mlio, hata ule mwembamba kama wa mbu aliye chumba cha pili. Akahamia kushoto. Kidole kikatulia juu ya goti.

Akaongeza sauti. Kidole hakikuinuka.

"Mbona kimya? Umekwenda kunywa chai?"

"Bado naendelea, mjomba."

"Basi hiyo mashine ndiyo kiziwi. Ipimeni yenyewe kwanza."

Binti alimvua hedifoni, akajivika mwenyewe, na hapo ndipo alipopata pa kushika: upande wa kushoto palikuwa kimya kweli. Akaupinda waya pale unapoingia kwenye pini ya kuchomekea mashine. Mlio ukaja, ukakatika, ukaja tena.

"Ni waya, mjomba," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyozoea. "Umekatika ndani."

"Si nilikwambia? Mimi nasikia mpaka siafu akipiga chafya."

Walivuka uani hadi karakana ya fundi umeme wa yadi, mama mmoja mpole wa mikono na mkali wa mdomo. Aliushika waya, akaupitisha vidoleni taratibu hadi akafika penye ulaini usio wa kawaida, karibu kabisa na pini.

"Nani huuzungushia kwenye mashine kama kamba ya mbuzi?"

Binti aliinamisha kichwa.

"Nimepata jibu," fundi alisema.

Akaukata juu kidogo ya jeraha, akachuna ganda. Ndani mlikuwa na nyuzi tatu nyembamba kama nywele: nyekundu ya sikio la kulia, kijani ya kushoto, na ya rangi ya shaba inayotumika na yote mawili. Alizichoma ncha kwanza, maana rangi yake ni kama vanishi na lehemu haishiki juu yake, kisha akazilehemu kwenye pini mpya. Tatizo, pini aliyokuwa nayo ilikuwa nyembamba, ya simu, na tundu la mashine lilitaka nene. Akapekua kopo la mabaki, akatoa adapta nene ya kuivisha ile pini nyembamba, akaifuta kwenye khanga yake. "Hii itaingia," alisema.

Kuingia iliingia. Lakini mjomba alipovaa tena, hakusikia hata kwa sikio la kulia.

"Jamani, mpwa wangu. Nimekuja na moja zima, na hilo nalo mmelizika?"

Alikuwa anacheka, ila binti aliona mkono wake umeibana kofia mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akaichomoa adapta, akaitazama dirishani. Ilikuwa na pete nyeusi moja tu. Chuoni walifundishwa: pete moja ni njia ya sauti moja, masikio mawili yanataka pete mbili. Aliyajibu hayo kwenye mtihani, akayasahau kazini. Akarudi karakana mbiombio.

"Hukusema masikio mawili," fundi alimwambia.

"Kwani watu huwa na mangapi, shangazi?" binti alinong'ona, na papo hapo akaona haya. Fundi alicheka hadi miwani ikamteleza, akamtafutia ya pete mbili.

Safari hii binti alijivika kwanza. Kulia, safi. Kushoto, safi, hata mlio wa chini kabisa. Akaupinda waya, akautikisa, akauvuta kidogo, mlio haukuyumba. Hapakubaki kitu cha kutengeneza. Ilimpasa afurahi, naye alisimama tu, hedifoni masikioni, akisikiliza mlio ule mzima kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tayari?" mjomba aliuliza.

"Tayari."

Akamvisha, akamrekebishia upande wa kushoto ukae vizuri, akauondoa unywele mmoja wa mvi uliobanwa chini yake. Akamweleza kwamba sikio la kulia litasikia mvumo kama wa mvua, ili lisimsaidie mwenzake kwa siri. Asiujali, asubiri mlio wa kushoto.

"Sawa, mama," alisema mjomba, akafumba macho, akatanguliza kidole hewani kidogo ili kisichelewe.

Binti akaminya kitufe. Akapandisha sauti, akaminya. Akapandisha tena. Alitazama taa ndogo ya mashine ikiwaka kila alipominya, na kidole cha mjomba kikiwa pale pale, kimenyooka kwa utii. Dirishani, kreni ilisimama bila mtu, na chini yake wanaume wenye vizibao vya njano walikuwa wanapita huku na huko wakiburuta minyororo.

Akapandisha hadi mwisho wa kipimo. Sasa mlio ulivuja nje ya hedifoni, ukajaa chumba. Binti aliusikia kutoka aliposimama, mkali, wa kuumiza meno. Mtu aliyekuwa anapita ukumbini alisimama, akachungulia mlangoni, akaenda zake. Binti hakuuondoa mkono kwenye kitufe. Hakujua auondoe kisha aseme nini, wala akianza kusema aanzie wapi.

"Mimi niko tayari, mama," mjomba alisema kwa sauti kubwa, akiushinda mvumo wa mvua, macho bado ameyafumba. "Wewe usiogope. Anza tu."