Mzinga Unaoitwa Danford

Semina ilianza saa tatu asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa, Kawajense, na ubaoni walikuwa wameandika kwa chaki: UONGOZI, UBUNIFU, IMANI NA MAISHA YENYE KUSUDI. Séverine alikaa mstari wa mbele na mzinga mapajani, maana Meneja Danford wa mradi wa nyuki alikuwa amemwagiza alete mmoja wa kuonyesha watu.

Mzinga ulikuwa wa Séverine mwenyewe. Aliusuka kwa matete, akaukandika mavi ya ng'ombe kama baba yake alivyofanya kule Burundi, ila yeye akauning'iniza kwa waya mmoja, usawa wa kiuno. Nyegere akiukamata, unazunguka naye mpaka anadondoka. Wanawake wa makazi ya wakimbizi ya Katumba wakaanza kurina asali bila kupanda mti. Mwaka 1994 Meneja akaupeleka kwenye mashindano ya wabunifu Sumbawanga. Séverine hakupata kibali cha kutoka makazini, akabaki. Mzinga ukashinda, ukarudi ukiitwa Danford.

"Mama Provi, mkimbizi hawezi kuandikwa mshindi," Meneja alimwambia Séverine, kwa upole kabisa. "Tumshukuru Mungu. Utukufu ni wake."

Utukufu wa Mungu, jina la Danford! Séverine alirudi nyumbani akapiga magoti, na toka hapo kila asubuhi akawa na ombi moja tu: nyuki wamle ulimi.

Sasa Meneja alisimama mbele ya watu. "Bwana asifiwe! Mzinga huu Mungu alinionyesha nikiwa kwenye maombi," akasema, na nyuki akamtoka mdomoni.

Hakuna aliyeshtuka. Ndivyo alivyokuwa tangu Sumbawanga. Kila akisema mzinga ni wake, nyuki humtoka, na makarani wa mradi walishazoea kumfungulia madirisha. Mzee Enoka, mrina asali wa Shanwe, alimwangalia nyuki yule akitua ubaoni. "Wadogo, ila wakali," akamwambia jirani yake. "Hawa wanafaa."

Meneja akaendelea. Kiongozi bora huona mbali, akasema, mimi niliwaona akina mama wakihangaika. Hapo likamtoka kundi zima, likamzunguka kichwa. Wala hawakumuuma. Hicho ndicho kilichomuudhi Séverine. Ombi lake lilikuwa limesikilizwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo aliyoitaka hasa.

Basi akafanya kazi anayoijua. Akatoa kopo la moshi kikapuni, akawasha mavi makavu ndani yake, akasogea mbele, akampulizia Meneja usoni. Nyuki wakinusa moshi hurudi kwao. Hata mtoto wa Katumba anajua. Nao hao wakageuka wakaingia walikotoka. Meneja akakohoa, akatoa macho.

"Meza tu, baba," Séverine akamwambia. "Si wako?"

Akameza. Shavu likavimba, ikafuata shingo, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye tai. Tumboni wakaanza kuvuma. Roho ya Séverine ikatulia, akarudi kukaa.

"Mtu na chake," alisema Mzee Enoka.

Lakini mama mmoja wa kwaya alisikia ule mvumo, akanyoosha mikono akasema upako umeshuka, na ukumbi mzima ukasimama kuimba.

Tangu hapo nyuki hawamtoki tena Meneja. Akiongea anavuma, na watu wanampenda zaidi. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo, akahamia Sumbawanga kufundisha ubunifu mkoa mzima. Mkewe anasema halali chali, na chai anakunywa bila sukari. Séverine akisikia hivyo hufurahi, hufurahi sana, na msamaha haombi.

Juzi alikuja mtu kutoka Karema, akamkuta barazani anasuka.

"Shikamoo mama. Nasikia hapa wanatengeneza Danford. Nataka mbili."

Séverine akakata tete kwa meno.

"Marahaba. Kaa hapo kivulini, baba," akasema. "Danford zako namalizia."