Lita Nne kwa Kilomita Mia

Picha nyekundu ya mtu iliwaka nyuma ya usukani, gari likalia mara tatu, na Kobe akakanyaga breki kwa ajili ya mtu ambaye hakumwona. Akasubiri. Mwanamke mwenye ndoo kichwani akachomoza upande wa kushoto, akapita mbele ya boneti bila haraka, akaenda zake. Kobe alibaki ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, akijiambia lile alilojiambia kila siku: si mimi, ni yeye aliyetokea ghafla. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, barabara nyeupe. Watu hawachomozi hewani.

Alikuwa mmoja wa madereva watano wa kliniki ya figo. Kazi yao ilikuwa kuwachukua wagonjwa majumbani, kuwafikisha kwenye mashine za kusafisha damu, kisha kuwarudisha wakiwa wamelegea kama nguo zilizokamuliwa. Miaka ishirini na sita alikuwa ameshika usukani, wa malori, wa mabasi, wa magari ya wakubwa, na hakuwahi kurudisha gari la mtu likiwa na mkwaruzo. Mwaka huo kliniki iliuza magari yake makuukuu na kununua haya mapya ya mioyo miwili, mmoja wa petroli na mwingine wa umeme. Wenzake waliyacheka. Gari gani hili, walisema, unaliwasha na hujui kama limewaka? Kobe hakucheka. Siku ya kwanza tu lilipomlilia kwa kutaka kuvuka mstari, na usukani ukatetemeka mikononi mwake na kumrudisha njiani, alihisi amepata mtu wa kumshika mkono.

Kila mwisho wa mwezi msimamizi wa magari alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha madereva: gari lipi limekunywa lita ngapi kwa kila kilomita mia. Wenzake walikuwa kwenye lita sita, aliyejitahidi sana tano na nusu. Yeye lita nne. Mwezi wa kwanza walidhani kipimo kimekosea. Mwezi wa pili ndipo walipomwita Kobe, na jina likamganda. Mwezi wa tatu msimamizi, mtu mwembamba asiyejua kumsifu mmoja bila kuwasimanga wengine, alimsimamisha mbele yao awafundishe.

Aliwafundisha, tena vizuri. Ondoeni mguu mapema, aliwaambia, liacheni gari lijiendee, maana likipunguza mwendo taratibu linarudisha umeme kwenye betri. Ukiona taa nyekundu kule mbele, unakimbilia nini, kwenda kusimama? Tazameni mbali. Yote aliyoyasema yalikuwa ya kweli isipokuwa mwalimu mwenyewe. Kobe hakuendesha polepole kwa ajili ya mafuta. Aliendesha polepole kwa sababu ya woga, na woga, kumbe, hauli petroli. Wenzake walipiga makofi, mmoja akatania kwamba mwakani ataendesha kwa maji ya kunywa, na Kobe akacheka pamoja nao.

Mambo yalikuwa yameanzia nyumbani. Alianza kujigonga bega kwenye fremu ya mlango alioupita kwa miaka kumi na minane. Kisha akaangusha kikombe cha chai kilichokuwa kushoto kwake, na mara nyingine tena, hadi mkewe akauliza kwa utani kama vikombe vimemkosea nini. Akaenda kwa daktari wa macho upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua. Wakamkalisha mbele ya mashine wakamwambia abonyeze kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Alikaa akizisubiri nukta. Mashine iliponyamaza na daktari akamwambia wamemaliza, Kobe alikuwa akidhani ndiyo kwanza wanaanza.

Presha ya macho, daktari alimwambia. Kilichopotea hakirudi, na kilichopotea ni pembeni, zaidi upande wa kushoto. Matone yangelinda kilichobaki. Halafu akamuuliza anafanya kazi gani, na Kobe, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema uongo, akasikia mdomo wake ukijibu kwamba ni mlinzi wa ghala. Daktari akasema afadhali. Neno hilo moja lilimfuata Kobe hadi nyumbani. Mkewe alipoiona chupa ya matone akaambiwa ni dawa ya vumbi.

Mtu atauliza, kwa nini asiseme yaishe? Ni rahisi kuuliza ukiwa umekaa. Kobe alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na tangu utu uzima wake uanze hakuna aliyemwita kwa neno jingine kabla ya dereva. Kila asubuhi alipoingia garini aliapa kwamba leo ni mwisho. Kila jioni, kwa kuwa hajaua mtu, kiapo kiliyeyuka. Aliogopa kugunduliwa, na aliogopa zaidi kutogunduliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema kifo cha nani, na hilo ndilo lililomkondesha.

Basi akaishi kwa masikio. Milio ya gari aliijua kama mama ajuavyo vilio vya mwanawe: huu wa mstari, huu wa gari lililokaribia mno, huu mkali wa mtu barabarani. Kioo cha dashibodi kilichora jani la kijani kila alipoendesha kwa upole, na hadi kufika kliniki kilikuwa kimejaa majani. Wagonjwa wengine walimpongeza kwa majani hayo.

Wagonjwa haohao ndio waliolalamika. Mtu ametoka kwenye mashine baada ya saa nne nzima, kichwa kinamgonga, halafu gari limpigie kelele njia nzima kama mtoto aliyenyimwa kitu. Msimamizi akaamua kwamba magari yote matano yapelekwe karakana yazimwe sauti. Kobe peke yake alipinga. Alisema milio ile ni usalama, akasema imewekwa kwa sababu, akasema mpaka akajisikia amesema mno. Msimamizi akampigapiga begani. Wewe, alimwambia, ndiye wa mwisho kuihitaji.

Fundi wa umeme wa magari alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Hili limejishikia breki lenyewe mara kumi na tisa mwezi huu," alisema. "Mengine ni mara moja, mara mbili."

Kobe akajibu haraka.

"Njia yangu ina watu wengi."

Fundi alizima milio mmoja baada ya mwingine, akaeleza kwamba breki ya kujishika haiguswi, itabaki, ila isitegemewe kama malaika: kamera ikichafuka au jua likiipiga usoni, nayo haioni. Kisha akachomoa mashine yake, na Kobe akasimama akisubiri kupewa ufunguo wake. Alisubiri kitambo.

"Huu hapa," fundi akasema.

Kobe akageuza kichwa. Ufunguo ulikuwa umenyooshwa kwake upande wa kushoto, na ulikuwa umenyooshwa tangu saa ngapi, hakujua. Waliangaliana. Fundi akarudisha macho kwenye ufunguo hadi Kobe alipouchukua. Jioni ile Kobe hakula.

Asubuhi iliyofuata alimfuata Mama Cherehani. Mama huyu alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka arobaini kabla figo hazijamkatalia, na hata sasa hakuweza kumtazama mtu bila kumtazama mishono. Alipanda kiti cha mbele kwa sababu ya miguu yake iliyovimba, akakaa kushoto kwa Kobe, mahali ambapo kwa Kobe palikuwa na sauti tu. Alikuwa amekosa zamu ya juzi kwa homa, na uso ulimjaa maji. Binti yake aliinama dirishani akamwomba dereva asichelewe, maana wamemwambia leo asikose kabisa. Kobe akasema hatachelewa.

Gari likaondoka kimya. Kimya hicho Kobe hakuwahi kukisikia. Zamani kilikuwa kimya cha injini tu, na ndani yake mlikuwa na mtu wa kumwamsha. Sasa mlikuwa tupu. Kila alipofika njia panda aligeuza kichwa kizima kushoto, kizima kulia, tena kushoto, na nyuma yake watu wakapiga honi. Picha nyekundu ingeweza kuwaka nyuma ya usukani asiione, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekodolea kipande kidogo cha barabara kilichobaki, kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Mama Cherehani alikuwa akimsimulia habari za homa yake, naye akaitikia pale sauti iliposhuka, bila kujua anaitikia nini.

Wakaingia barabara ya maduka. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayesindikiza jeneza. Akatazama mbele: gari jeupe, mbali. Akatazama kulia: ukuta. Akatazama kushoto: vibao, watu, meza ya simu. Akarudisha macho mbele akakanyaga mafuta kidogo, kidogo sana.

Gari likajikaba. Lilisimama kwa kishindo, mkanda ukamkata Kobe kifuani, mkoba wa Mama Cherehani ukaruka miguuni pake. Halafu kimya. Mbele yake Kobe aliona barabara, gari jeupe likizidi kwenda mbali, na hakuna kitu kingine.

Mama Cherehani alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Alihema mara mbili, tatu.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nimemwona, mama."

"Amevaa shati la rangi gani?"

Rangi zote alizozijua Kobe zilimjia kwa pamoja, na mojawapo ilikuwa ya kweli, na angeweza kubahatisha. Aliisikia saa ya mkononi ya yule mama. Alisikia mtu akikohoa nje, karibu sana, karibu kuliko alivyodhani mtu anaweza kuwa.

"Sijui," alisema.

"Naam," Mama Cherehani akasema, kwa upole mbaya kuliko matusi. "Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu Februari."

"Na mimi umenibeba tangu Januari."

Kobe akageuza kichwa, taratibu, kikapita usukani, kikapita kioo, kikapita nguzo ya dirisha, na kwenye pembe ya boneti akamkuta mwanamume na baiskeli yake, gurudumu la mbele limegusa bampa kabisa. Shati lilikuwa jekundu. Jekundu la bendera, la damu, la aina ambayo mtu huivalia aonekane. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga godoro dogo la mtoto.

Yule mtu hakuwa amekasirika. Hakujua. Aliona gari lililosimama kumpisha, na ndani yake dereva mtu mzima aliyempa heshima ambayo waendesha baiskeli hawapewi. Akainua mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Ahsante sana, mzee," alisema kupitia dirishani. "Wangekuwa wote kama wewe."

Akalisawazisha godoro lake, akavuka. Alipotoka mbele ya boneti upande wa pili Kobe alimfuata kwa kichwa kizima mpaka alipopotea kati ya watu. Alivuta gari pembeni hatua mbili, huku Mama Cherehani akimwambia pana nafasi, endelea, basi. Akalizima. Kama kawaida yake halikutoa sauti, na ilimbidi atazame dashibodi kuhakikisha limezimika kweli.

"Nitakuchelewesha, mama," alisema. "Nisamehe."

"Mpigie mtu simu," alisema Mama Cherehani. "Mimi nikichelewa nitavimba. Hayo tunayajua."

Kobe akampigia msimamizi. Msimamizi alipokea akiwa mchangamfu, maana siku ile ndiyo karatasi mpya ilikuwa ikibandikwa, na kabla Kobe hajasema neno alimwambia kwamba ameshuka hadi lita tatu nukta tisa, kwamba wakubwa wameuliza jina lake halisi. Kobe alimwacha amalize. Magari yalipita kulia kwake, moja baada ya jingine, na kushoto kwake Mama Cherehani alikuwa ameweka kiganja juu ya mkono wake. Aliujua kwa uzito tu.

Akasema yupo barabara ya maduka na Mama Cherehani, waje haraka, mgonjwa hawezi kungoja. Msimamizi akauliza gari limepata nini.

"Gari ni zima," Kobe alisema. "Tuma dereva."