Mgao wa Eufrazia

Pale Temeke, sukari ya nyumba kumi aliigawa Eufrazia, na tangu aanze hakuna aliyenung'unika. Ikija kidogo, wote walipata kidogo. Nyumba moja kurudi mikono mitupu, hilo hakutaka hata kulisikia. Tatizo ni kwamba mama huyu tabia hiyo aliibeba mpaka kazini.

Kazini, kwenye maabara ya hospitali moja mjini, alitunza panya weupe. Daktari Mwinshehe alikuwa akijaribu dawa ya kukinga ubongo usiharibike damu isipofika kichwani, kama inavyotokea kwenye kiharusi. Nusu ya panya wanyweshwe dawa, nusu maji ya chumvi; kisha yeye aizuie damu ya kichwani kwa muda mfupi, halafu aone nani ataweza kutembea juu ya ubao mwembamba. Eufrazia aliiombea dawa hiyo kila Jumapili, maana mumewe Kasimiri, mchonga vinyago, kiharusi kilishampitia na kumwachia mkono wa kulia umelegea. Kikirudi je?

Lakini hao wa maji ya chumvi wamekosa nini, maskini? Daktari alipotoka, Eufrazia akachanganya chupa zote mbili, akawagawia sawasawa. Roho yake kwatu.

Siku ya ubao, panya wote wakayumba vilevile kama walevi wa tembo la mnazi. Daktari akavua miwani.

"Hamna kitu hapa, mama. Wa dawa na wa maji hawapishani. Tunaiacha."

Eufrazia akapiga hesabu. Akisema, kazi hana. Asiposema, dawa ndiyo imekufa, na tumaini la Kasimiri nalo.

"Daktari, wa maji hawapo. Mie niliwagawia wote."

Mwinshehe alimtazama, akamtazama tena, kisha akacheka mpaka machozi. "Ujamaa mpaka kwa panya, mama?" Alipomaliza kucheka akawa mkali: wanaanza upya na panya wengine, na wa maji ya chumvi atawanywesha Eufrazia huyohuyo. Akawanywesha, akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Panya wa dawa wakavuka ubao. Wenzao wakaburuta miguu. Eufrazia aliwashangilia wale huku akiwalilia hawa.

Nyumbani alimweleza Kasimiri yote, na kwamba kwa watu bado sana.

"Nitangoja," alisema Kasimiri, amebana gogo la mpingo kwa magoti, patasi mkono wa kushoto. "Ila zamu ya watu ikifika, mke wangu, mgawaji asiwe wewe. Mie nusu kwa nusu na jirani sitaki."