Kaski Moja Inatosha

Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, Kavugho hakukosa habari za jioni hata mara moja. Yeye alikuwa amekimbilia Lubumbashi kwa mwanawe Muhindo, mwenye malori, lakini binti yake Séphora alikuwa amekataa kuuacha mtaa wao. Kwa kuwa masikio ya mama huyu mzee yalikuwa yamechoka, sauti ya televisheni ilipandishwa hadi mwisho. Kifaransa alikishika nusunusu. Jina la mtaa anaoujua likitajwa, alilia kwa sauti, na Huguette, mke wa Muhindo, alisukuma sahani yake pembeni.

Asubuhi moja Huguette akamwambia, "Mama, vaa viatu. Tuende mu ville tutafute kaski ya tele, ile ya kuvaa masikioni, ya bila waya."

Kavugho alifurahi mpaka akabadilisha kitenge.

Dukani, muuzaji aliyeitwa Mukuka alizipanga kaski juu ya meza ya kioo. "Hii iko nyepesi," akasema, "lakini sauti inatoka inje kidogo." Nyingine ilikuwa nene, yenye mito ya kufunika sikio zima. Huguette akaichukua hiyo, akamvika mkwewe. Mara kelele za barabara zikakatika, na mtangazaji akasikika kana kwamba amekaa begani pake.

"Unasikia, Mama?"

"Kila neno, mwanangu! Mungu akubariki."

Huguette akamgeukia Mukuka. "Na mwenye kuwa pembeni, hasikie kintu?"

"Hata kidogo. Lakini muko babili. Ya kaski mbili pia iko."

"Moja inatosha."

Nyumbani Huguette alichomeka kifaa cha kaski nyuma ya televisheni, akaivaa kichwani mwake mwenyewe. Sebule ikanyamaza. Kavugho alidhani anaijaribu, akangoja. Chakula kikaisha, bado anangoja.

"Na mimi?"

Huguette akainua upande mmoja. "Wewe si uko na macho, Mama? Angalia picha."

Ikawa hivyo kila jioni. Kavugho aliwatazama watu waliobeba magodoro wakifungua vinywa bila sauti. Akiuliza, Huguette aliinua kiganja kumnyamazisha.

Kisha likaonekana kanisa la mtaa wake, paa limepasuka. Kavugho akaruka, akakigusa kioo.

"Ni kwetu! Huguette, banasema nini?"

Huguette alisikiliza hadi mwisho, akamega tonge la bukari. "Banasema bantu barudie mu manyumba. Kaa, Mama, unafunika picha."

Kavugho akakaa, akimshukuru Mungu.

Jumamosi Muhindo alirudi kutoka mpakani Kasumbalesa, simu mkononi, macho mekundu. Séphora alikuwa amefia pale kanisani, na majirani walikwisha kumzika.

"Huguette, jina yake ilitoka mu tele. Haukusikia?"

"Nilisikia. Tulikuwa tunakula. Kilio chake kingemufufua?"

Kavugho alimgeukia mwanawe, akingoja aseme neno. Muhindo alivuta kiti, akainamisha kichwa. "Mama, alitaka usiumie."

Waombolezaji walipokuja, Wanande wenzake wa sokoni na watu wa kanisa, Huguette aliwapokea mlangoni. Alikaa mkekani karibu na mkwewe, akamkumbatia, akalia kuwashinda wote, hata wanawake wakanong'ona kwamba mkamwana wa namna hiyo ni bahati.

Kavugho hakuutoa mkono wa mkamwana wake begani. Kule Goma hakukuwa tena na mtu wa kumpokea, na huku kitanda chake kilikuwa katika nyumba ya Huguette.